Sabato Moja kwa Javan, Chalbi

Mama unayesoma, kabla hujaendelea, inuka kwanza ukaangalie cheti cha mtoto wako kiko wapi. Usiseme, "Kiko tu pale." Kiguse kwa mkono. Bonareri wa Migori naye alisema kiko tu pale, na hilo "pale" likamtoa kwake, likamsafirisha siku tatu hadi jangwa la Chalbi, kwenye nyumba ya wageni ambayo hata mbuzi angeuliza maswali kabla ya kulala ndani.

Bonareri na mumewe Bichage walitoka Kisii wakahamia Migori mjini kutafuta maisha. Yeye aliuza nyanya na mboga sokoni. Mumewe alikuwa fundi wa kuchimba visima, na kampuni yake ilikuwa imempeleka kaskazini, akawa anaonekana nyumbani mara mbili kwa mwaka kama mgeni wa harusi. Walikuwa Wasabato wa kweli, si wa jina. Ijumaa jua likianza kushuka, sufuria zimeoshwa, viatu vimepakwa rangi, chakula cha kesho kimepikwa na kufunikwa. Na kila karatasi ya maana katika nyumba hiyo iliwekwa ndani ya Biblia, kwenye lile jalada jeusi la zipu. Bonareri alisema hajawahi kusikia mwizi wa Biblia.

Shida ni kwamba Biblia zilikuwa mbili, pacha, zilizonunuliwa siku moja kwenye makambi ya kanisa. Mwezi wa kwanza Bichage aliporudi kazini, Biblia iliyoondoka naye ilikuwa ile yenye cheti cha kidato cha nne cha binti yao Valentine. Hakuna aliyejua mpaka Valentine alipoitwa chuo cha uuguzi, Homa Bay. Miaka miwili mtoto alikuwa amengoja hiyo nafasi. Barua ilisema aripoti Jumatatu, mwisho saa kumi na moja jioni, yeye mwenyewe, na cheti halisi mkononi. Picha ya simu haikubaliwi. Asipofika, nafasi inapewa mwingine.

"Ni babake," Bonareri aliwaambia watu sokoni, akawaambia na kanisani. "Wanaume hubeba tu bila kuangalia."

Bichage alipopigiwa simu alisema ruhusa ya kuja nyumbani hakuna, lakini anaweza kufika hadi nyumba ya wageni ya mzee mmoja anaitwa Javan, pembeni mwa Chalbi. Wakutane hapo Alhamisi. Kumpa dereva alete cheti, Bonareri alikataa. Valentine akasema ataenda peke yake, Bonareri akakataa zaidi.

"Msichana wa miaka kumi na tisa, upande magari ya watu huwajui mpaka huko? Nikufe kwanza."

"Basi enda wewe, Mama, mimi nibaki."

"Ubaki na nani?"

Kwa hivyo wakaenda wote wawili. Bonareri hakujua njia nyingine ya kuwa mama isipokuwa kuwa karibu.

Walifika Alhamisi mchana, mchanga ukiwa umejaa mpaka kwenye meno. Javan alikuwa Mjaluo wa Karungu, amekuja Ziwa Turkana kuvua samaki akiwa kijana, akazeekea huko. Alipochoka na nyavu alijenga nyumba ya wageni kwa alichokuwa nacho: mashua. Mashua kuukuu zimekatwa katikati kwa msumeno, zimesimamishwa wima kama kabati, nusu mbili zikitazamana, na juu yake makuti ya mkoma yaliyofungwa kwa nyavu na kuning'inizwa mawe ili upepo usiende nayo. Kila chumba kilikuwa na jina la pwani ya nyumbani, Ziwa Victoria. Kulikuwa na Sori, Karungu, Mbita. Chumba cha Remba kilikuwa na vitanda tisa vimebanana, na Javan alisema ndivyo kisiwa chenyewe cha Remba kilivyo, anayetaka nafasi asiende Remba.

"Karibuni nyumbani, min Valentine," alimwambia Bonareri, kwa maana kwao mama huitwa kwa mtoto wake. "Mmetoka Migori? Basi mtalala Sori. Wa Homa Bay ndio nawapeleka Mbita."

"Mimi nataka tu chumba chenye mlango."

"Mlango?" Javan akacheka, mabega yakaruka. "Hapa mlango uliondoka na upepo mwaka juzi. Sijui kama ulifika Marsabit."

Hapo Bonareri akaanza kuhesabu makosa ya nyumba ile, na vidole vikaisha. Mlango ni gunia. Kitanda ni ngozi. Viatu vinaning'inizwa kwa kamba kwa sababu nge wanavipenda. Chai ni ya maziwa ya ngamia, ina ladha ya moshi. Na maji! Kila mgeni alipewa jerikeni moja ndogo ya lita tano, asubuhi hadi asubuhi, na yalikuwa na chumvi ya kutosha kupikia ugali usiotaka mboga. Jioni upepo ukashuka kutoka milimani kama mtu aliyetumwa kudai kitu, ukapiga mashua zile mpaka zikalia mbao zote.

Na Bichage hakuja.

Ijumaa asubuhi hakuja. Saa sita hakuja. Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya choo, na hapo Bonareri alisimama mpaka mbuzi wakamzoea. Halafu akakumbuka ni siku ya matayarisho. Akasugua sufuria ya Javan kwa majivu, akaisuuza mara tatu, akapika wali na maharagwe ya kesho, akaomba maji ya kuoga.

"Yako umemaliza," Javan akasema.

"Mzee, kesho ni Sabato!"

"Sabato ni ya kesho, maji ni ya leo. Na ya leo umeyamwaga ukiosha sufuria yangu iliyokuwa safi."

"Safi? Hiyo?"

"Ngamia hajawahi kulalamika."

Valentine alicheka. Bonareri hakuona cha kucheka. Ndani yake kulikuwa na saa inayogonga, Jumatatu, Jumatatu.

Bichage alitokea jua likiwa limebaki kiganja kimoja kutoka ardhini, akitembea nyuma ya watu wa ngamia, uso mweupe kwa vumbi. Gari lililomchukua lilikuwa limeharibika njiani tangu jana. Alikuwa amekumbatia Biblia kifuani. Walifungua zipu kabla hata ya kusalimiana, na cheti kilikuwa ndani, kimenyooka, hakina hata kunyanzi. Bonareri akasema, "Asante Yesu," akamshika mumewe mkono, akauachilia upesi kwa sababu alikuwa bado amemkasirikia.

Sasa sikiliza hesabu aliyokuwa nayo. Uwanjani kwa Javan kulikuwa kumeegeshwa lori la samaki wakavu kutoka ziwani, dereva wake ni Maurice. Ndani alikuwemo Emmah, mfanyabiashara wa samaki kutoka Sori, mwanamke mtu mzima. Lori lingeondoka kesho alfajiri kuelekea Marsabit. Lingine ni Jumanne.

"Tunaondoka nalo," Bonareri akasema.

Valentine alikuwa anakunja nguo. Mikono ikasimama. "Mama, kesho ni Sabato."

"Najua kesho ni nini."

"Basi hatusafiri."

"Valentine. Yesu mwenyewe alisema ng'ombe wako akitumbukia kisimani siku ya Sabato, unamtoa."

"Mimi si ng'ombe, Mama. Na sijatumbukia."

"Utatumbukia Jumatatu saa kumi na moja!"

Mtoto akaweka nguo chini. Halafu akasema polepole, bila kiburi, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Kidato cha pili kulikuwa na mtihani wa hesabu Jumamosi. Ulikuja shuleni ukasimama mlangoni mwa darasa, ukamwambia mwalimu huyu hafanyi. Nikapewa sufuri. Jioni ukanichinjia kuku. Ulisema hiyo sufuri Mungu ameiona."

Bonareri akamgeukia mumewe. "Baba Vale, sema kitu!"

Bichage alikuwa mtu wa maneno machache, kazi ya visima ilikuwa imemzoesha kungoja. "Gari letu la kampuni linaenda Marsabit kuchukua mabomba," akasema. "Dereva ni Maroa, Mkuria wa Kehancha, mtu wa nyumbani. Hupenda kusafiri kukiwa na baridi. Atapita hapa kesho, labda jua likizama. Nitamwomba."

"Labda! Labda yako ya Alhamisi si ndiyo hii nimeiona Ijumaa? Wewe ndiye ulibeba Biblia ya wenyewe, na bado unaniambia labda?"

"Mama Vale," Bichage akasema kwa sauti ya chini, "lile begi si ni wewe ulinipakia?"

Javan, aliyekuwa akikata kuni hapo karibu, akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwepo. Bonareri akahisi uso unamwaka. Alijua. Tangu Migori alijua. Aliiona mikono yake mwenyewe ikisukuma Biblia katikati ya shati na soksi, haraka haraka kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi. Akaingia chumba cha Sori, akaacha gunia likianguka nyuma yake, na Sabato ikaingia akiwa hajasema na mtu.

Alfajiri Javan alikuwa ameshasimama pale ambapo mchanga unaisha na Chalbi nyeupe inaanza, ile chumvi iliyolala tambarare mpaka macho yachoke. Alikuwa anaikanyaga kwa kisigino. Maji yakachimbuka kuzunguka mguu wake.

"Maurice, mvua imenyesha huko milimani. Juu ni mkate, chini ni uji. Zunguka kwenye mawe."

Maurice alikuwa anapiga mswaki kwa kijiti. "Mzee, wewe ulikuja huku na mtumbwi. Mambo ya magurudumu niachie mimi. Kuzunguka ni saa nne zaidi."

Wakati huo Bonareri alifanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka hufunga macho. Alichukua Biblia yenye cheti, akaipeleka mbele kwenye lori, akapanda, akaketi kando ya Emmah. Alijiambia kwamba mtoto atafuata karatasi yake. Ndama hufuatishwa hivyo, nyasi zikitangulia.

"Valentine, panda!"

Valentine alikuwa amesimama kwenye upepo, lesso imemzunguka. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini miguu haikusogea. "Safari njema, Mama. Nitakuombea."

"Panda, nimesema!"

Maurice akapiga honi. Mguu mmoja wa Bonareri ulikuwa nje bado, na kushuka kungemchukua muda wa kusema ndiyo. Hasira ikamkalisha. Mlango ukafungwa, na kwa mara ya kwanza tangu amzae, Bonareri akamwacha mtoto huyo nyuma kwa hiari yake, naye akiwa ameshika cheti cha mtu.

Hawakufika mbali. Ni kama kutoka soko la Migori hadi darajani, hivyo tu. Lori lilizama mguu mmoja wa mbele, Maurice akaongeza moto, likazama miguu yote minne. Chumvi ikapasuka, matope meusi yakachemka juu, na mafuta ya Maurice yakaenda bure akipiga kelele ya injini. Kisha kukawa kimya. Na kwa sababu Chalbi haina kichaka wala kilima, nyumba ya Javan ilionekana wazi nyuma yao, mashua zake zimesimama kama meno, na watu wa nyumba ile waliona lori vilevile.

Maurice alianza kuchimba na sufuria. "Huyo mzee asinicheke," alikuwa anasema peke yake. "Asinicheke tu."

Jua likapanda. Emmah akafungua gazeti lililofungiwa samaki, akajipepea nalo.

"Mimi samaki wangu ni mkavu, hana haraka," akasema. "Wewe, dada, una haraka ya nini?"

Bonareri akamweleza. Chuo, Jumatatu, saa kumi na moja.

"Na hicho cheti ni cha nani?"

"Cha mtoto wangu."

"Na mtoto yuko wapi?"

Bonareri akaonyesha kwa kidevu, kule kwenye mashua.

Emmah alitazama kule, akatazama Biblia, akatazama kule tena. "Sasa unakimbia nacho wapi?"

Hakuna tusi Bonareri aliwahi kutukanwa sokoni lililomwingia kama swali hilo. Alikaa nalo. Kwa mbali upepo ulileta wimbo wa Sabato, sauti ya Valentine, sauti ya Bichage, na ya tatu iliyopotea njia kila mstari, ambayo bila shaka ilikuwa ya Javan. Angeweza kushuka akarudi. Ni mwendo wa nusu saa. Lakini atarudi aseme nini? Mama mzima, mzee wa idara ya wanawake kanisani, amevunja Sabato akaenda hatua elfu mbili. Mguu wa aibu ni mzito kuliko wa matope.

Saa sita Javan alikuja akiburuta miguu, jerikeni begani, bakuli mkononi.

"Maji yako ya leo, min Valentine. Na wali uliopika jana, mtoto amesema ule."

"Yeye amekula?"

"Anakungoja."

"Amesema nini?"

"Amesema ule," Javan akarudia, akamgeukia Maurice. "Na wewe, mtumbwi wako unaendeleaje?"

Maurice akaendelea kuchimba. Bonareri alikula wali ule ukiwa umepoa, akilia bila sauti, na Emmah akageuza uso kwa heshima.

Jua lilikuwa limeshuka sana Bonareri alipoliona vumbi. Halikuwa upande wao. Lilipita kando, mbali, kwenye ukingo wa mawe, gari refu la kampuni likienda taratibu kama mtu anayejua njia. Maroa. Likakata kona, likasimama kwa Javan.

Bonareri akaangalia Biblia iliyo mapajani. Gari liko kule. Mtoto yuko kule. Karatasi iko hapa.

Hakumbuki alivyoshuka. Alivua viatu, akafunga sketi juu ya magoti, akaishika Biblia kichwani kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto uliofurika. Matope yakamla mpaka kwenye mashavu ya miguu. Aliinuka, akaanguka goti moja, akainuka. "Ngojeni!" alipiga kelele, na upepo ulikuwa unamrudishia mdomoni. Chumvi ilimkata nyayo. Kiganja cha jua kikawa vidole viwili, kikawa kimoja. Bichage alikuwa ameanza kukimbia kuja kumpokea, naye akamfokea, "Usije! Mwambie asiondoke!"

Alifika hana pumzi, mweusi mpaka mapajani. Maroa, mwanamume mwenye mvi na kofia ya sufu, alimtazama kutoka kwenye kiti chake.

"Mama, pole. Nimeambiwa. Lakini kiti ni kimoja tu, mwenzangu yuko hapa mbele, na nyuma kampuni haikubali mtu."

"Kiti kimoja?"

"Kimoja."

Wote wakamwangalia yeye. Bonareri akasogea mpaka dirishani. "Wewe una watoto?"

"Saba."

"Wasichana?"

"Watano."

"Mkubwa anaitwa nani?"

"Nyangi. Ni mwalimu, Ntimaru." Maroa akatoa simu, akamwonyesha picha. "Unataka nimpigie? Mtandao uko wapi hapa?"

"Nyuma ya choo," akasema Javan.

"Na huko Marsabit utamweka wapi?"

"Kwenye basi la asubuhi, kiti cha nyuma ya dereva, mbele ya macho yangu. Nitangoja liondoke."

Bonareri alikuwa na maswali mengine arobaini. Midomo ilikuwa wazi tayari. Ndipo ukingo wa mwisho wa jua ukazama kwenye ardhi, mbele yao wote, hakuna mlima wa kubishana nao, na Valentine akainua begi lake.

"Sabato imeisha, Mama."

Bonareri alifungua zipu. Vidole vilikuwa na matope, akavipangusa kwenye nywele zake kwa kukosa pengine, akatoa cheti akakishika kwa pembe. Akampa Valentine, si Bichage, si Maroa.

"Shika wewe mwenyewe. Usimpe mtu akuwekee. Hata mimi."

"Sawa."

"Begi la babako nilipakia mimi."

"Najua, Mama. Nilikuwa nimekaa kitandani nikikuona."

"Na hukusema?"

"Ungekubali?"

Gari liliondoka likifuata mawe. Bonareri alisimama mpaka taa za nyuma zikawa ndogo kama mbegu za nyanya, kisha zikaisha. Aliwaza basi, Nairobi, watu wa stendi, magari ya usiku. Aliwaza kila kitu mama anaweza kuwaza, na hakikumsaidia hata kimoja.

Yeye alibaki kwa Javan mpaka Jumanne, na asikudanganye mtu kwamba alipazoea. Aligombana na Javan kwa sababu ya moshi, akagombana na ngamia mmoja aliyekula kitambaa chake cha kichwa. Maurice alilala chumba cha Remba, akila bila kuongea. Jumatatu, kuanzia saa mbili asubuhi, Bonareri alikuwa juu ya lile jiwe, Bichage chini yake akimshikia mwavuli uliopinduka. Saa nne hakuna. Saa sita hakuna. Saa nane alikuwa ameshamlaumu Maroa, basi, barabara na Serikali. Saa nane na nusu simu ikalia.

"Mama, nimeandikishwa."

"Umesema?"

"Nimeandikishwa! Cheti wamekiangalia, wamenirudishia. Niko ndani."

Bonareri alikaa chini juu ya jiwe. Bichage aliuliza kwa macho, naye akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na hapo hapo akarudi kwenye simu.

"Umekula? Kwenye basi ulikaa na nani? Mmelala wangapi chumba kimoja? Hao wasichana ni wa wapi? Hapo Homa Bay mbu ni wengi, wamekupa wavu? Valentine? Valentine!"

Mtandao ulikuwa umekatika. Alipiga tena, akapiga tena, akainua simu juu ya kichwa, akasimama kwa vidole vya miguu.

"Si amesema ameingia?" Bichage akamwambia. "Shuka, Mama Vale, jua ni kali."

"Hajasema kuhusu wavu," Bonareri akajibu, na hakushuka.